Mzee Badili na Droo Tupu

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Shuleni tukiulizwa tunataka kuwa nani, mimi huandika "daktari wa meno", kwa sababu aliyekuwa amekaa mbele yangu aliandika hivyo mara ya kwanza na mwalimu akafurahi. Si kweli. Tangu kidevu changu kilipoanza kufika juu ya kaunta, nimetaka kusimama upande wa pili wa kaunta ile, kwenye kitengo cha vifaa vya ufundi, mahali anaposimama mtu anayehusika na wasifu huu. Nimeona niliseme mapema, ili msomaji ajue kwamba anayeandika ana upande wake. Sasa naendelea kama nilivyoelekezwa.

Mstaafu wetu amelitumikia duka hili kwa miaka thelathini na mmoja, na anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Jioni ya siku hiyohiyo tawi letu litafungwa. Meneja anasema tarehe zimegongana kwa bahati tu. Mama wa Stoo, ambaye ametunza bohari yetu kwa karibu muda huohuo, anasema ni kweli zimegongana, kama gari linavyogongana na ukuta.

Kwa kawaida wasifu wa namna hii huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wenzake waliobaki wanahesabika kwa vidole, na wote wana shughuli ya kufunga masanduku. Ndiyo maana Jumamosi moja, nilipokuwa nimempelekea baba chakula cha mchana, Mama wa Stoo alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye msomi hapa," akasema. "Utuandikie. Ila usituwekee 'baba yangu, baba yangu' kila mstari. Andika 'mstaafu'. Na usilielie kwenye karatasi, wino utachuruzika."

Nimejitahidi. Makao makuu walituma mfano wao kwa lugha ile nyingine ninayosomea shuleni, wenye nafasi za kujaza jina na miaka. Nimeujaza vizuri, upo nyuma ya ratiba ya hafla ya kumuaga. Huu ni wetu, wa kusomwa ukumbini.

Mstaafu alianza kazi ya kushusha mizigo mlango wa nyuma. Siku hizo duka lilikuwa na ghorofa tatu: chini nguo na viatu vya shule, katikati friji na majiko, juu vitanda na makochi. Kulikuwa na ngazi za umeme ambazo watoto wa mtaa mzima walikuja kuzipanda bila kununua hata kitufe. Vifaa vya ufundi vilikaa chini, upande wa kulia ukiingia, mahali pa heshima, kwa sababu vilikuwa na jina ambalo watu walilifuata kutoka mbali. Jina hilo ni Kigogota.

Kwa wasiojua, Kigogota ni spana, nyundo, bisibisi, koleo na misumeno yenye ndege mdogo aliyegongwa kwenye chuma karibu na shingo ya kifaa. Ilikuwa chapa ya duka lenyewe, na haikuuzwa mahali pengine. Sifa yake kubwa haikuwa chuma peke yake. Ilikuwa dhamana. Kifaa kikivunjika ukiwa kazini, unakileta kaunta, unapewa kingine. Huulizwi risiti. Huulizwi ulikinunua lini, wala kama ni wewe uliyekinunua au ulirithi kwa mjomba.

Mstaafu alipopewa kaunta hiyo, aliongeza mambo mawili yasiyo kwenye kanuni. La kwanza, mtu akileta kifaa kilichovunjika, alikilaza juu ya kitambaa, akamwambia, "Kilikuwa kinafanya nini? Nionyeshe." Mteja alilazimika kuonyesha kwa mikono, pale pale mbele ya foleni. Nimewaona watu wazima wakijilaza kwenye sakafu ya duka wakifungua gari lisilokuwepo. Wengine walidhani anawatega, awanyime. Hakuwahi kumnyima mtu. Alitaka kujua tu. Aliyevunja bisibisi kwa kuigeuza tindo alipewa mpya pamoja na maneno yake: "Chukua. Na mwambie mkeo akununulie tindo, maana wewe mwenyewe huwezi kuaminiwa."

Hapo ndipo alipopata jina la Mzee Badili, akiwa bado kijana asiye na mvi hata moja.

La pili ni droo. Nyuma ya kaunta kuna ukuta mzima wa droo za mbao, kila saizi na droo yake. Saizi ikiisha, mstaafu hakusema "imeisha". Aliichomoa droo yote, akaiweka juu ya kaunta, mteja akatazama ndani mwenyewe. Ndipo alipotaja siku. "Jumanne." Na Jumanne ilikuwa Jumanne kweli. Mama wa Stoo anasema zoezi hilo lilimnyima usingizi yeye kuliko mtu yeyote, kwa sababu mwenzake alikuwa anataja siku huku juu, halafu anayetakiwa kuleta mzigo ni yeye huko chini. Lakini anakiri kwamba katika miaka yote hiyo, mstaafu hakuwahi kutaja siku kabla ya kushuka ngazi kwanza na kumuuliza.

Visa ni vingi. Nitataja vitatu, viwili vya kuchekesha.

Kuna kijana aliwahi kuleta nyundo iliyokatika mpini. Si Kigogota. Ndege alikuwepo, ila alichorwa kwa msumari, usiku uleule kwa dalili zote. Mstaafu aliigeuza huku na huku, akaivalia miwani. "Ndugu yangu," akasema, "huyu wako ni kuku." Foleni nzima ililipuka kwa kicheko. Kijana naye akacheka mpaka akakaa chini, akanunua nyundo halisi. Siku hizi ni seremala mkubwa, na kwenye simu yake mstaafu bado yumo kwa jina la "Kuku".

Cha pili kinamhusu mama yangu. Mpini wa kikaango chake ulikatika, akakibeba mpaka dukani, akapanga foleni kama watu wengine. Alipofika mbele, mstaafu alisema kwa sauti ya kazi, "Samahani mama, hiki hakina ndege." Mama akajibu, "Kinapikia mtu anayelishwa na ndege. Badilisha." Waliokuwa nyuma yake wakampigia makofi. Mstaafu hakubadilisha, maana kanuni ni kanuni, lakini jioni alirudi nyumbani na mpini mpya alioukata mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Kikaango kipo mpaka leo. Kinapendeza kwa mpini kuliko kwa kikaango.

Cha tatu ni cha fundi bomba, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sauti yake. Alikuwa akivunja spana ya saizi ileile mara kwa mara, anakuja, anaonyesha kwa mikono, anapewa nyingine. Mara ya nne mstaafu hakuridhika na maonyesho. Siku yake ya mapumziko alimfuata kazini, kwenye jengo moja lenye matangi juu ya paa. Alikuta fundi amechomeka bomba refu kwenye spana ili kuongeza nguvu, anaivuta nati iliyoshikwa na kutu, huku amepanda miguu ukutani kama mjusi. Hakumgombeza. Alimwonyesha jinsi ya kuilowesha nati kwa mafuta, akae, anywe chai, kisha aifungue taratibu. Tangu hapo fundi bomba hakuvunja spana kwa miaka mingi. Alikuwa akija kaunta kusalimia tu na kulalamika kwamba mzee amemharibia kazi, sasa anamaliza mapema na wateja wanadhani hakufanya kitu.

Kuhusu kushuka kwa duka nitasema kwa kifupi, kwa sababu wote mliona. Kwanza ghorofa ya juu ilifungwa kwa kamba nyekundu. Halafu ngazi za umeme zikasimama, zikawa ngazi za kawaida, ila zenye vidato virefu vinavyochosha magoti. Halafu taa zikawa zinawashwa moja, inarukwa moja. Kitengo cha vifaa kilihamishwa mara tatu, kila mara kikisogezwa nyuma zaidi, mpaka sasa kipo karibu na ule mlango ambapo mstaafu alianza kwa kushusha mizigo. Kila mara alidai ukuta wake wa droo uhame naye, na kila mara uliondolewa ukutani vipande vipande na kupangwa upya. Mteja wa Kigogota anavuka ukumbi mtupu, anapita sanamu za nguo zisizo na nguo, ndipo anafika. Na bado walifika. Mwaka jana meneja alisema kitengo hiki peke yake ndicho kilicholipa umeme wa jengo. Mama wa Stoo akauliza, "Ule unaorukwa au ule unaowaka?"

Kisha jina likauzwa. Si duka, jina. Kampuni nyingine imenunua Kigogota, ndege na yote, na kuanzia mwezi ujao vifaa vitauzwa kwenye supamaketi na kwa kuagiza kwa simu. Mwakilishi wao amekuja mara mbili. Ni kijana mpole, mwenye viatu vinavyolia, na kila sentensi yake inaanza na "mzee wetu". Alileta sampuli zikiwa kwenye pakiti za plastiki ngumu. Mstaafu alimwazima koleo afungulie.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu kuna maneno mengi mtaani. Spana mpya si mbaya. Mstaafu aliibana kwenye jiriwa, akaivuta kwa uzito wake wote, ikakaa. Akabana nyingine, ikakaa pia. Alisema wazi mbele yetu, "Chuma ni kizuri." Mwakilishi akatabasamu. Ndipo mstaafu akauliza, "Ikivunjika, fundi anaipeleka wapi?"

"Mzee wetu, kuna namba ya simu nyuma ya pakiti."

"Anapokea nani?"

"Kuna timu."

"Inakaa wapi?"

Mwakilishi akasema atauliza.

Namba hiyo tuliipiga nyumbani, kwa simu yangu, wakati wa chakula. Mstaafu aliilaza karibu na bakuli la sukari, sauti ikiwa imefunguliwa. Muziki ulianza. Mama akapakua. Muziki ukaendelea. Ilikuja sauti ya mwanamke ikatuambia tuchague moja au mbili, tukachagua mbili, muziki ukarudi. Tulimaliza kula, nikaosha vyombo, muziki unaendelea. Simu ilipokatika yenyewe, mstaafu alifuta mdomo na kusema, "Muziki wao ni mzuri."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya niifiche karatasi hii chini ya kitabu cha jiografia kwa siku kadhaa.

Mwakilishi ameomba kwamba wasifu huu uwe na sentensi moja. Alimwambia meneja, meneja akamwambia Mama wa Stoo, Mama wa Stoo akaniambia mimi. Sentensi ni hii: Mzee Badili anawahakikishia wateja wote kwamba dhamana ya Kigogota itaendelea kama kawaida. Wanataka pia kuichapa kwenye bango, pamoja na picha yake. Na wao kwa upande wao watamwekea mstaafu kaunta ndogo ndani ya supamaketi, siku mbili kwa wiki, na ukuta wake wa droo utabebwa kwenda huko.

"Usimsumbue baba yako," Mama wa Stoo aliniambia. "Ni sentensi moja tu. Akiisikia ukumbini imeshasomwa, atafanya nini? Na kaunta atakuwa ameipata. Unataka akae nyumbani amtolee mama yako makosa ya jikoni?"

Ninamheshimu Mama wa Stoo, na najua alisema kwa upendo. Meneja pia simlaumu. Naye anafunga masanduku, na hajaahidiwa kaunta yoyote. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na hamu kuliko wote. Ukuta wa droo usipovunjwa, kuna mahali pa kusimama. Akisimama yeye siku mbili leo, huenda nikasimama mimi kesho. Niliiandika sentensi ile. Nikaifuta. Nikaiandika tena kwa lugha ile nyingine, ambako ilionekana ya kawaida kabisa, kama zile zinazotoka kwenye mitihani. Nikaifuta tena.

Kilichoniamulia ni Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimesimama kando ya kaunta na bakuli la chakula. Fundi bomba aliingia, safari hii bila kelele. Baada ya miaka yote ile alikuwa amevunja spana yake. Aliiweka kwenye kitambaa, akaonyesha kwa mikono bila kuambiwa, polepole, pamoja na mafuta na kikombe cha chai. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Chuma kilikuwa kimechoka tu.

Mstaafu alitikisa kichwa kukubali. Akageuka, akachomoa droo ya saizi ile, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa tupu, na vumbi lake lilikuwa na alama ya spana ya mwisho.

"Haya," akasema fundi bomba. "Jumanne?"

Kulikuwa na watu watano au sita. Mwakilishi pia alikuwepo, anapiga picha za rafu. Mstaafu alitazama ngazi za kushuka stoo, kama alivyozoea. Mama wa Stoo alikuwa amesimama juu, mikono mitupu. Hakukuwa na wa kumuuliza.

"Sijui," mstaafu akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akilisema neno hilo kwenye kaunta ile. Fundi bomba alitazama droo, akamtazama mzee, kisha akafanya jambo la ajabu: akacheka kidogo, akampiga bega. "Angalau umenionyesha," akasema. "Wengine wangeniambia Jumanne." Akaichukua spana yake iliyovunjika, akaondoka nayo.

Kwa hiyo kuhusu dhamana, mabibi na mabwana, nafanya kama nilivyomwona mstaafu akifanya. Naichomoa droo na kuiweka hapa mbele yenu. Ni tupu. Chuma kipya ni kizuri, amekishika mwenyewe. Nani atakayekipokea kikivunjika, hajui, na mimi sijui. Huenda wale wa muziki wakajifunza kupokea simu, na tunawaombea hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu ndege yule amelisha nyumba nyingi, yetu ikiwemo. Siku watakapojua ni nani na yuko wapi, wamwambie mstaafu. Atashuka ngazi kwanza ahakikishe, kisha atataja siku. Hajawahi kuitaja kabla ya hapo, na sitakuwa mimi wa kumtajia.

Najua sentensi hii imegharimu nini. Ukuta wa droo labda utakuwa kuni, na daktari wa meno labda atakuwa wa kweli.

Yanayobaki ni shukrani. Wafanyakazi wenzake wanamshukuru kwa kumbukumbu yake ya saizi zote, kwa uvumilivu wake wa taa moja moja, na kwa kutokula peke yake hata mara moja. Mama wa Stoo anamshukuru kwa kumuuliza kwanza. Meneja anamshukuru kwa umeme. Wateja mtasema wenyewe ukumbini, ila fundi bomba amepangiwa mwisho ili wengine wasikike.

Nyumbani, chini ya dirisha la sebuleni, kuna meza ndogo iliyofungwa jiriwa. Mwenye kitu kilichovunjika anakaribishwa. Ataulizwa kilikuwa kinafanya nini, na itabidi aonyeshe. Cha kumbadilishia hakipo, aje akijua hivyo.

Mzee Badili, tunakutakia asubuhi zisizo na foleni, magoti yasiyopanda ngazi zilizokufa, na kitu kimoja kimoja cha kuvunjika hapo nyumbani ili kupumzika kusikuchoshe.

Nasikia viatu vyake kwenye korido. Anavifuta mlangoni mara mbili, ndivyo anavyofanya siku zote akitoka kazini, hata siku ambazo hakuna matope. Kitabu cha jiografia nimekirudisha kwenye begi. Karatasi iko juu ya meza, imefunguka, pamoja na lile jambo la mwanzo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Ingia tu, baba. Hakijavunjika kitu. Nilitaka kukuonyesha.